Mshenga Wetu, Waziri Mkuu

Nilikuwa Queensbury, hapa London, dukani kwa Mhindi mmoja mzaliwa wa Mombasa, namgombeza kwa sababu ya iliki. Iliki aliyoniuzia safari iliyopita haikuwa na harufu wala ladha, na mimi sikutoka Stratford kwa treni ya saa nzima kwenda kununua maganda. Yeye anajitetea, mimi nampandishia sauti, na juu ya magunia ya mchele televisheni inasema peke yake bila wa kuisikiliza. Nikainua macho kumwomba Mungu subira, nikamwona jirani yangu. Amesimama mbele ya watu wazito waliovaa suti, mkono wa kulia juu ya Msahafu, anaapa.

"Huyo jirani yangu," nikasema.

"Jirani wapi, mama? Huyo Prime Minister mpya wa kule kwa Waarabu. Tangu asubuhi wanamuonyesha."

"Nakwambia jirani yangu. Mlango wa pili. Huyo ndiye mshenga wa mwanangu."

Yule mzee akauweka chini mfuko wa iliki, akamwita mkewe kutoka stoo aje anitazame. Wallahi sikumlaumu. Mimi mwenyewe niliegemea friza ya sambusa. Mtu huyu nilimjua akivaa kandambili, akiteremka ngazi na mfuko wa taka kwa sababu lifti imeharibika tena. Nilijua karudi kwao. Nilijua chama chake kimeshinda kura. Lakini haikunipitikia akilini kwamba yeye hasa ndiye atakayekalia kiti. Nilirudi Stratford bila iliki, na njia nzima nilikuwa nikicheka peke yangu kama mtu aliyepagawa.

Alihamia ghorofa yetu wakati mume wangu yuko hai bado. Alikuwa mwanamume wa makamo, mwembamba, ndevu fupi zilizochongwa vizuri, na mwendo wake ulikuwa wa mtu anayechelea kuamsha waliolala. Alitoka nchi moja ya Waarabu wa kaskazini mwa Afrika. Nchi siitaji, na jina lake silitaji, na mkifika mwisho mtajua kwa nini. Kwao alikuwa mwalimu wa hesabu. Akaingia katika chama cha watu wa dini kilichotaka kushiriki siasa, wakubwa wakakipiga marufuku, naye akafungwa miaka mingi, mingine peke yake chumbani bila dirisha. Alipotoka alikimbilia London. Mkewe alizuiwa kusafiri. Hapa alipata kazi ya kupanga vifurushi kwenye bohari, na Jumamosi akiwafundisha hesabu watoto wa jengo letu bila kutaka kitu. Binti yangu, ambaye hesabu zilikuwa zikimliza, alifaulu kwa mkono wake.

Mume wangu, dereva wa basi na mtu wa maskhara, ndiye aliyeanza kumwita Ustadh. Ramadhani mwanaume anayefuturu peke yake mlango wa pili ni aibu yetu sote, kwa hiyo alifuturu kwetu. Tukizungumza Kiingereza chetu cha kuungaunga, na Kiarabu kidogo nilichotoka nacho chuoni Unguja. Hapa nayaandika maneno yake kwa Kiswahili, na naamini sijayapunguza.

Jioni moja baada ya futari mume wangu akamuuliza alihukumiwa kwa kosa gani. Ustadh akafikiri, akasema kosa halikumbuki vizuri, lakini simu anaikumbuka.

"Hakimu wangu alikuwa anasoma karatasi," alisema. "Simu ikalia pale mezani kwake. Akaipokea. Akasema ndiyo bwana, ndiyo bwana, ndiyo bwana. Akaiweka chini, akanipa miaka yangu. Hakunitazama usoni hata mara moja."

Nilikuwa na sahani mkononi, nikabaki nayo. Kwetu tumesikia mengi ya serikali, lakini hakimu kupigiwa simu mbele ya mshtakiwa, kama mtu anayeagiziwa nyama buchani, hilo lilinitia baridi.

"Mungu akitupa ile nchi," akasema Ustadh, "simu ile ndiyo ya kwanza kukatwa."

"Ukipata nchi utukumbuke na sie," mume wangu akamjibu, na sote tukacheka.

Msidhani alikuwa mtu wa ghera za kupiga kelele. Vijana fulani wa msikitini walimsimamisha siku moja ngazini, amebeba maziwa na mkate, wakamwambia kupiga kura ni kufuru na chama chake kimeiuza dini. Aliwasikiliza mpaka wakachoka. Kisha akawauliza, kwa upole kabisa, kama hatupigi kura, nani atatutengenezea lifti hii? Wakateremka zao, na lifti haikutengenezwa. Kwa upande wa pili, watu wa kwao wasiopenda dini kwenye siasa walimwona chui aliyevaa kanzu. Binti yangu alinisomea gazeti moja lililomtaja.

"Mama, wanamwita moderate Islamist."

"Ndiyo kusema nini?"

"Like, ni Islamist, but not too much."

"Kama chumvi?"

Akacheka, akasema ndiyo, kama chumvi.

Mume wangu alifariki ghafla, asubuhi, akivaa viatu vya kazi. Ustadh alikwenda kumwosha pamoja na wanaume wa jamaa zetu, akaingia kaburini kumpokea, na mvua ya London ikimnyeshea. Nilipokaa eda hakuniona sura wala sikumwona. Lakini alikuwa akipika. Alikuwa mpishi mbaya sana, Mungu amsamehe. Alijua kitu kimoja tu, zile chembe za ngano za kwao na mboga zilizochemshwa mpaka zikakata tamaa. Anaweka sufuria mlangoni, anagonga, anaondoka kabla sijafungua, maana alijua mwanamke wa eda hatazamwi. Nilikula chakula kile nikilia, na sijui mpaka leo kama nilikuwa namlilia mume wangu au mboga.

Sasa nije kwa mkwe wangu.

Alikuwa kijana wa nchi ile ile, aliyekuja kusoma akabaki, mwandishi wa habari kwenye mtandao. Siasa yake na ya Ustadh zilikuwa kama paka na mbwa. Kijana aliamini dini ikae msikitini, na kila wiki aliandika jambo la kukichoma chama cha Ustadh. Na bado alikuja kumtembelea, wakibishana kwa Kiarabu mpaka ukuta wa jikoni kwangu unatikisika, kisha wanakunywa chai. Katika kuja na kwenda huko akamwona binti yangu. Binti yangu naye, ambaye nilidhani anakwenda mlango wa pili kwa ajili ya hesabu, alikuwa ameshamaliza skuli zamani. Mama siku zote ndiye wa mwisho kujua.

Posa aliileta Ustadh. Alivaa suti yake pekee, akaja na halua na maua, akakaa kwenye zulia langu. Kaka yangu, ambaye ndiye walii wa kumwozesha, alikuwa Unguja, kwa hiyo tulimlaza kwenye mto ndani ya simu, sauti imefunguliwa, na kuku wa kwao wanasikika.

"Kijana huyu ananitukana kila wiki kwenye kompyuta yake," Ustadh akasema. "Lakini sijapata kumsikia akisema asichokijua. Nimekuja kumposea binti yenu."

Kaka yangu akaniuliza kama Ustadh anajua maana ya mshenga kwetu. Nikamweleza. Nikamwambia kwetu mshenga si mtu wa siku moja. Ndoa ikiyumba, mume akipotea njia, mke akionewa, hatwendi polisi wala mahakamani, twamrudia mshenga. Yeye ndiye aliyetuletea mtu, na yeye ndiye anayetafutwa.

Ustadh alipenda sana habari hiyo. Akaweka mkono kifuani.

"Basi likitokea la kutokea, nirudieni mimi."

Kaka yangu akasema kutoka ndani ya mto, "Tumekubali," na jogoo akawika.

Walioana, wakakaa vyumba viwili si mbali na kwangu. Kisha kule kwao watu wakaingia barabarani, yule mkubwa aliyewafunga akakimbia usiku mmoja kama mwizi wa kuku, na Ustadh akapanga begi lake. Aliniachia funguo niwapelekee watu wa housing. Alivaa sweta yake ya kijani ya soko la Stratford, ambayo kiwiko chake nilikitia kiraka mwenyewe, kijani kisicholingana. Nilimwambia asiende kwao na nguo ya namna hiyo, watasema London tulimtesa. Akasema ndiyo nguo yenye joto kuliko zote alizonazo. Nyumba yake akapewa mama mmoja wa Kikongo, Mkristo, mfanyakazi wa kutunza wazee, mwenye sauti nzuri ya kuimba asubuhi. Miaka si mingi baadaye nikamwona mshenga wetu juu ya magunia ya mchele.

Mwanzo tulijivuna, kwa nini nifiche. Kila Idi alinipigia simu. Mkwe wangu hakujivuna hata kidogo. Aliendelea kumchoma kwa maandishi kama kwamba Ustadh yuko mlango wa pili bado, na nadhani hilo lilikuwa aina ya heshima. Alisema Ustadh amekalia kiti, lakini polisi ni wale wale, na virungu ni vile vile. Aliandika habari za vijana waliopigwa kwenye maandamano katika mji mmoja wa kusini. Kisha mama wa kijana akaugua kule kwao. Binti yangu alikuwa amejifungua karibuni. Alimwomba asiende. Akasema, "Nchi imebadilika, na Waziri Mkuu ni mshenga wangu. Watanifanya nini?"

Walimchukua uwanja wa ndege, kabla hajatoka na begi lake. Kosa lake, kuitukana dola.

Binti yangu alinipigia niko jikoni kazini, napika chakula cha watoto wa skuli. Sikumwelewa. Nilimwambia arudie, akarudia, nikamwambia arudie tena. Nilisikia kila neno, lakini yalikataa kukaa pamoja. Serikali ya nani? Ya Ustadh. Kafungwa na nani? Na serikali. Nilivua aproni nikatoka nje bila koti, nikasimama kwenye uwanja wa kuchezea watoto.

Baada ya msiba mmoja, tulipokuwa tunaosha vyombo ukumbini, akina mama wenzangu wa Kizanzibari walilikalia jambo langu. Hakuna aliyetaja ubalozi wala mbunge wetu.

"Kwani mshenga si yupo hai?" mmoja akauliza.

"Mshenga Waziri Mkuu," nikamwambia.

"Hata angekuwa mfalme. Si kasema mwenyewe arudiwe? Mrudie!"

Wote wakasema mrudie, mrudie, na hapana hata mmoja aliyecheka. Wala mimi sikucheka. Niliona ni jambo lililonyooka kabisa, na nikashangaa kwamba nimepoteza muda. Binti yangu akasema, "Mama, please, just call him," na macho yake yamevimba.

Nilikuwa na namba ya msaidizi wake. Nikamwambia mwambie bwana wako kwamba mama wa Stratford anamrudia mshenga wake. Yule kijana aliniomba nirudie hilo neno la mwisho. Nikamwambia mwenyewe atalijua.

Ijumaa baada ya sala simu ikalia. Nilikuwa namenya viazi.

"Ukhti. Assalamu alaykum." Sauti ile ile ya mtu anayechelea kuamsha waliolala, ikiniita dada kwa Kiarabu.

"Waalaykumu salaam, mshenga. Nimekurudia."

Nikamweleza. Nilimsikia akivuta pumzi. Akasema wallahi hakujua. Waliokamatwa ni wengi, na majina hayamfikii mezani.

"Basi sasa umejua," nikamwambia.

"Sasa nimejua."

"Mtoe."

"Kesi iko kwa hakimu, ukhti."

"Basi mpigie hakimu."

Nikasikia kiti chake kikisogezwa.

"Unaniambia niinue simu ile?" akaniuliza.

Nilijua simu gani. Nilikumbuka sahani mkononi mwangu. Lakini hasira zilikuwa zimeshanipanda, na mtu mwenye binti anayelia hana nafasi ya kukumbuka sahani.

"Ile ilikuwa ya kumfunga mtu. Hii ya kumfungua."

"Simu ni hiyo hiyo moja. Mimi nikiipiga leo kwa ajili ya mkweo, kesho waziri wangu ataipiga kwa ajili ya adui yake. Nitakuwa nimewaonyesha njia."

"Mwanangu ana mtoto mchanga! Wewe ulikaa hapa, kwenye zulia hili, ukaweka mkono kifuani!"

"Nilisema. Nakumbuka."

"Basi?"

"Nitaomba kesi isikilizwe upesi, na apate wakili wake. Zaidi ya hapo sina, ukhti. Wallahi sina."

Nilitarajia visingizio. Nilitarajia uongo, ahadi, njoo kesho njoo keshokutwa, mambo ya wakubwa ninayoyajua. Hili sikulitarajia. Mtu aliyemshusha mume wangu kaburini, aliyenipikia niko eda, ananiambia hapana kwa upole ule ule aliowaambia vijana wa ngazini, na kibaya zaidi, maneno yake yana akili. Nilihisi nimepigwa kofi na mtu aliyekuwa amenishika mkono.

"Basi ushenga nimekuvua leo hii," nikamwambia. "Wa namna yako simtaki."

Nikakata simu. Viazi nikavitupa vyote, vilivyomenywa na visivyomenywa.

Mkwe wangu akahukumiwa. Kesi ilisikilizwa upesi, na wakili alikuwepo, kama Ustadh alivyosema, na haikusaidia kitu. Binti yangu akarudi kwangu na mtoto. Hakumtaja Ustadh kwa jina wala kwa cheo. Wakimwonyesha tu kwenye televisheni anazima. Mimi ndiye niliyemtukana. Nilimtukana nikifua, nilimtukana nikikatiza barabara. Mtoto alianza kukaa, akaanza kutambaa, akaanza kusimama kwa kushika kochi, na baba yake alikuwa akiyaona hayo kwenye picha tulizokubaliwa kumpelekea kwa nadra.

Kisha wanajeshi wakamwondoa Ustadh. Ilikuwa mchana, jikoni kazini, na mwenzangu mmoja alikuwa akitazama habari kwenye simu. Nikachungulia begani kwake. Walikuwa wanamtoa nyumbani kwake, askari huku na huku, wamemshika mikono kama wanavyomshika mgonjwa wa akili. Alikuwa amevaa ile sweta ya kijani. Mkono ulipoinuliwa kumsukuma garini nikakiona kiraka changu.

"Mwacheni!" nikapiga kelele. "Mwacheni, nyie!"

Wapishi wenzangu wote wakageuka. Sikujua kama nimesema mimi. Mtu niliyemwombea mabaya kila siku, na sasa namtetea mbele ya simu ya mtu. Nilikaa juu ya gunia la vitunguu nikiwa nimeduwaa, na yule mwenzangu akaniuliza kama ni ndugu yangu.

Wakubwa wapya walimfungulia kesi. Walisema watu waliteswa na kufungwa kwa dhuluma chini yake, naye alijua akanyamaza. Tukasikia kwenye habari kwamba amehukumiwa, na kwa umri wake maana yake hatatoka. Si muda mrefu tukapigiwa simu kwamba mkwe wangu ameachiwa. Hatukuyaunganisha mambo hayo mawili. Tungeyaunganishaje? Furaha ilitupofusha. Binti yangu alipiga magoti pale pale sebuleni, na mimi nikaenda Queensbury kununua iliki mpya.

Alirudi amekonda, nywele zimeingia mvi mbele. Mtoto hakumjua, akajificha nyuma yangu. Nilikuwa nimepika pilau na kila kitu chake, nikamjazia sahani, naye akaitazama tu. Nikadhani tumbo limesinyaa. Kisha akaisukuma kidogo.

"Mama," akasema, "kwanza nikwambie nilivyotoka. Halafu uamue kama nile."

Akatueleza. Ustadh aliletwa kwenye chumba kile kile cha gereza alichokuwa yeye. Wafungwa wengi walimgeuzia mgongo, na mkwe wangu mmoja wao. Hakumpa hata salamu. Alilala akitazama ukuta. Kisha maafisa wakamwita mkwe wangu, wakampa kiti na sigara. Wakamwambia, wewe ulifungwa wakati wake. Simama mahakamani useme Waziri Mkuu alijua habari zako akakuacha uoze, na wewe utakwenda kwa mkeo.

"Nikakataa," mkwe wangu akasema. "Sikuwa najua kama alijua. Siwezi kusema nisichokijua."

Wakamrudisha chumbani. Yule mzee akamsogelea, akamuuliza walikuwa wanataka nini. Mkwe wangu akamwambia, kwa kumkomoa tu.

"Akaniambia, nenda ukaseme. Nikamwambia mimi si shahidi wa uongo. Akasema si uongo. 'Nilijua,' akasema. 'Mama mkweo alinipigia simu. Aliniambia sasa umejua, na mimi nikamwambia sasa nimejua. Waambie hivyo hivyo. Hutakuwa umeongeza neno.'"

Mkono wangu ulikuwa kwenye upawa. Niliuona ukiwa pale na sikuweza kuuondoa.

"Nikamwambia, watakumaliza. Akasema, 'Mimi ni mshenga wako, na mke wako anangoja. Waziri Mkuu hakuweza. Mshenga anaweza.' Nilibishana naye, Mama. Nilibishana naye kama tulivyokuwa tukibishana hapa mlango wa pili. Akanishinda. Nikaenda, nikasimama, nikayasema maneno yako na yake, yeye akiwa ameketi mbele yangu. Hakimu akamuuliza kama ni kweli. Akasema ni kweli."

Binti yangu alikuwa amejiziba mdomo kwa mikono miwili. Simu yangu mimi. Viazi vyangu, Ijumaa yangu, hasira yangu. Neno nililomtupia ili limuume, alikuwa amelitunza, akaenda nalo gerezani, akalitoa siku lilipohitajika, na likamfunga.

"Siku naondoka alinituma kwako," mkwe wangu akasema. "Aliniambia nikuulize, ule ushenga bado umemvua?"

Niliinuka, nikatoka nje na kandambili za jikoni, upawa mkononi. Korido yetu haina urefu wowote. Nikasimama mbele ya mlango wa Ustadh na nikagonga, nikagonga sana, kama anavyogonga mtu mwenye mgonjwa ndani ya nyumba.

Yule mama wa Kikongo akafungua, bado amevaa sare ya kazi. Akaniangalia juu mpaka chini, akauona upawa, akaniona uso.

"Mama, uko natafuta nani?"

"Mshenga wangu," nikamwambia. "Namtafuta mshenga wangu."

Akasema huyo haiko huku. Akanishika mkono, akaniambia niingie kwanza, ninywe maji.